Kesi ya Emma Bovary, Mwaka 1857

Tarehe 29 Januari 1857 watu watatu walisimama mbele ya korti ya Paris: Gustave Flaubert, mwandishi, na pamoja naye msimamizi wa gazeti la Revue de Paris na mpiga chapa wake. Hawakuiba, wala hawakuua. Walikuwa wamechapisha hadithi katika gazeti hilo, tangu Oktoba hata Desemba 1856, nayo serikali ya Kaisari Napoleon III ilidai kwamba yaharibu adabu njema na kuitukana dini. Lakini mtu angaliyasikiliza maneno ya siku ile, angalidhani mshtakiwa ni mwanamke ambaye hakuzaliwa kamwe, jina lake Emma Bovary.

Flaubert alikuwa mwana wa daktari mpasuaji wa Rouen, mji wa kaskazini ya Ufaransa. Kitabu hiki alikianza mwaka 1851, akakaa nacho karibu miaka 5, maana alikuwa mtu wa kupima neno moja moja kama sonara apimavyo dhahabu. Habari yenyewe ni hii. Emma ni binti wa mkulima. Alisomeshwa katika nyumba ya watawa, na huko akasoma kwa siri vitabu vya mapenzi alivyoletewa na mwanamke mzee aliyekuja kushona nguo. Akaolewa na Charles Bovary, tabibu wa mashambani, mtu mwema asiye na akili nyingi, ampendaye mno. Emma akachoka naye upesi, kwa sababu hakufanana na wanaume wa vitabuni. Akazini na Rodolphe, tajiri mwenye mashamba, kisha na kijana Léon, karani. Akakopa nguo na mapambo kwa Lheureux, muuza nguo, hati ya deni juu ya hati ya deni, mumewe asijue; hata ilipokuja amri ya kulipa faranga 8,000 akakosa njia, akala sumu ya panya, akafa.

Mshtaki wa serikali, Ernest Pinard, alinena kwa ukali. Akauliza: katika kitabu hiki chote yuko nani awezaye kumkemea mwanamke huyu? Si mume, si padre, si jirani. Hapana hata mmoja awezaye kumwinamisha kichwa. Basi, ikiwa hana wa kumhukumu, dhambi ndiyo iliyoshinda.

Naona swali la Pinard ni jema kuliko shtaka lake. Watazame wamzungukao Emma. Jioni moja, kabla hajaanguka katika uzinzi, alisikia kengele akaenda kanisani amweleze padre Bournisien taabu ya moyo wake. Padre alikuwa akiwakemea watoto watundu waliokuja kufundishwa dini. Akadhani ni chakula kimemkaa vibaya tumboni, akamshauri aende nyumbani anywe chai. Emma akarudi na mzigo wake. Homais, muuza dawa, ajisifuye kwa elimu, ndiye ambaye sumu ile ilitoka katika ghala yake. Mwisho apewa nishani. Lheureux aliyetega mtego wa hati azidi kutajirika. Rodolphe alilala usingizi mzuri usiku ule alipozikwa Emma. Katika hao, ni nani angaliokota jiwe la kwanza?

Wakili Jules Sénard, aliyekuwa waziri mwaka 1848, alijibu kwamba kitabu chatia hofu ya dhambi kwa kuonyesha mwisho wake. Pinard alipolalamika juu ya habari ya Emma kupakwa mafuta matakatifu saa ya kufa, Sénard alionyesha kwamba mwandishi alifuata kitabu cha ibada cha kanisa lenyewe.

Walakini wako wamwoneao Emma huruma hata wamsamehe yote, wakisema alikosewa na ulimwengu. Hiyo ni nusu ya kweli. Ni haki kukumbuka kwamba siku ile ya mwisho mwandishi wa hati, mtu tajiri, alitaka kumnunua kwa fedha, naye akakataa kwa hasira akatoka mikono mitupu. Ingawa baadaye alikwenda kwa Rodolphe kuomba, na huko hakuwa mkali vile. Lakini alikuwa na mtoto, Berthe. Siku moja mtoto huyu alimkaribia akimshika nguo. Mama akamsukuma kwa kiwiko, akaanguka, shavu likatoka damu. Charles alipoingia, Emma akamwambia kwamba mtoto amejiumiza akicheza. Wenye kumhukumu huanza na Rodolphe na Léon. Mimi ningeanza na shavu lile, na uongo ule.

Tarehe 7 Februari korti iliwaachilia wote watatu, ila ilikilaumu kitabu. Mwezi wa Aprili kikatoka katika majuzuu mawili, kikanunuliwa sana, maana kesi ilikuwa imekitangaza. Na mwanzoni mwake Flaubert akaliweka jina la Sénard. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Pinard alimshtaki mshairi Baudelaire, na safari hii akashinda: mshairi alitozwa faranga 300, na mashairi yake 6 yakakatazwa, hata mwaka 1949 hukumu ile ilipotanguliwa.

Na Berthe? Charles alizikuta barua za wapenzi wa mkewe, akafa kwa huzuni. Nyumba haikuacha kitu ila faranga chache. Bibi mzaa baba akamchukua, akafa mwaka ule ule. Kisha mtoto akaenda kwa shangazi maskini, naye akampeleka katika kiwanda cha pamba, apate kujilisha.