Lugha ya Kihadza na Adabu ya Kusahihisha Kamusi Elezo

Wikipedia ya Kiswahili, ijiitayo kamusi elezo huru, ilianzishwa mwaka wa 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza. Haina mhariri mkuu mmoja. Kila msomaji yu huru kuongeza habari au kusahihisha za mwenziwe, na makala iliyo fupi huitwa mbegu, kwa kuwa yatarajiwa kukuzwa na wengine. Uhuru huo umelileta upya swali la zamani: mwandishi angoje mpaka lini kabla ya kuitangaza dhana kuwa ni kweli? Katika mkoa wa Singida kuna kisa kinachosaidia kulijibu, nacho ni cha lugha ya Kihadza.

Wahadza hukaa kandokando ya Ziwa Eyasi, na baadhi yao wamo katika wilaya ya Mkalama, wakipakana na Waisanzu. Vitabu vya zamani huwaita Watindiga au Wakindiga. Lugha yao ina vidoko, yaani sauti zitolewazo kwa kubandua ulimi kinywani, kama zilivyo lugha za Wasani wa kusini mwa Afrika. Dorothea Bleek aliandika habari zao mwaka wa 1931. Na mwaka wa 1963 Joseph Greenberg aliziweka Kihadza na Kisandawe pamoja na lugha za kusini katika jamii moja ya Khoisan. Hiyo ilikuwa dhana ya mtaalamu, nayo ilikuwa na hoja zake. Lakini wengi waliomfuata walinakili jina wakaziacha hoja. Kisha ujamaa wa lugha ukageuzwa kuwa nasaba ya watu, Wahadza wakasimuliwa kuwa ni mabaki ya Wasani.

Hata hivyo, vidoko peke yake havithibitishi udugu. Kizulu na Kixhosa vina vidoko, navyo ni lugha za Kibantu. Kidahalo cha pwani ya Kenya kinavyo, nacho huhesabiwa miongoni mwa lugha za Kikushi. Mwaka wa 1998 Bonny Sands alizipima upya hoja za udugu huo, akaona kwamba kwa Kihadza ushahidi hautoshi. Leo wataalamu wengi hukihesabu kuwa lugha ya pekee, isiyojulikana ndugu yake. Yafaa ikumbukwe kwamba kusema ushahidi hautoshi si kusema kwamba udugu haupo.

Hapo ndipo ilipo faida ya kanuni za kamusi elezo. Mwandishi hatakiwi kutangaza uvumbuzi wake mwenyewe, bali kutaja yaliyokwisha kuandikwa na kumtaja aliyeyaandika. Basi makala ya Kihadza isiseme tu kwamba lugha hii ni ya Khoisan. Iseme kwamba Greenberg aliiweka humo mwaka wa 1963, na kwamba wataalamu wa baadaye hawakuridhika. Msahihishaji naye ana wajibu wake: asome kwanza historia ya ukurasa, aulize katika ukurasa wa majadiliano, wala asimfute aliyemtangulia kana kwamba alikuwa mjinga. Pengine aliyetangulia hakukosea. Akikuta kijiji cha Mkalama kimetajwa kuwa cha Iramba, akumbuke kwamba Mkalama ilitengwa na Iramba mwaka wa 2012. Maneno ya mwandishi wa kabla ya hapo yalikuwa sahihi kwa wakati wake, na kilichopungua ni mwaka tu.

Wahadza ni kama elfu moja na kidogo. Kosa juu ya taifa kubwa hupata wasahihishaji wengi upesi. Kosa juu ya watu wachache hukaa, likanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, na watoto wao wakafundishwa shuleni asili ambayo haikuthibitishwa. Kati ya kauli ya mwaka wa 1963 na uchunguzi wa mwaka wa 1998 ilipita miaka 35. Katika ukurasa ambao kila mtu aweza kuuandika, neno la haraka huenea kwa siku moja. Kwa hiyo subira ya mwandishi yapasa kuwa kubwa zaidi kuliko ilivyokuwa zamani, wala si ndogo.