Duara ya Luizi: nani anamlipa kijana aulize swali lisilo na shaba?

Leo tuongee historia ya franga. Si ile ya wanasiasa, hiyo tunaisikia kila siku. Ni franga ya utafiti: nani anampa kijana aliyetoka masomoni pesa ya kwenda kuangalia jiwe, na anampa juu ya swali gani.

Chukua karte ya Katanga. Toka Lubumbashi, panda kaskazini karibu kilomita 170, utafika ku milima ya Kundelungu. Kule kuko duara moja kubwa, upana wake kilomita 17 hivi. Jina lake Luizi. Ni kovu. Zamani sana jiwe lilitoka angani, likapiga udongo wetu. Wanasayansi wa sayari wanatumia makovu ya namna hii ili kuelewa Mwezi na Mars, juu kule krateri ni nyingi na kufika ni ngumu. Luizi ni ya kwanza kuthibitishwa katika Kongo. Lakini uthibitisho ulikuja paka mwaka 2011. Kwa nini ulichelewa hivyo? Fuata franga.

Tuanze na kijana mmoja. Mwaka 1891 Mbelgiji Jules Cornet alikuwa na miaka 26, umri wa ba asistanti wengi wa leo. Alitumwa Katanga kama mjiolojia wa msafara wa kapiteni Lucien Bia. Aliyelipa ni Compagnie du Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka ule ule. Kampuni hiyo hiyo ilituma pia msafara wa Stairs, ambao watu wake walimwua Mwami M'siri Bunkeya, tarehe 20 Desemba 1891. Bia mwenyewe alikufa njiani mwaka 1892, Émile Francqui akachukua uongozi. Cornet alirudi Ulaya 1893, mikononi mwake mawe na daftari. Baadaye akawa profesa Mons, na jina lake linatajwa mpaka leo kila mtu akianza jiolojia ya Katanga.

Uone vizuri: pesa ilikuwako, na ilikuwa kwa kijana. Lakini swali lilikuwa limekwisha kuandikwa na mwenye kulipa: utajiri uko wapi, na ni wa namna gani? Kutoka jibu hilo ndipo ikazaliwa Comité Spécial du Katanga mwaka 1900, Union Minière mwaka 1906, na mji wetu mwaka 1910. Sisi wote tunaosoma hapa ni watoto wa jibu la Cornet, tupende tusipende.

Sasa rudi ku Luizi. Mwaka 1919 mjiolojia mmoja aitwaye Grosse alichapa kwa Kijerumani kazi yake juu ya mashariki ya Katanga. Mule ndani alieleza bonde lenye umbo la nusu duara. Njo Luizi hiyo. Aliiona, akaiandika, basi. Kutoka 1919 mpaka 2011 ni miaka 92. Katika miaka hiyo Katanga ilipimwa na kutobolewa zaidi ya sehemu nyingi za Afrika. Wajiolojia hawakukosa, na vyombo havikukosa. Kuanzia miaka ya 1950 kulikuwa hata na chuo kikuu hapa hapa Élisabethville. Lakini Luizi haiko katika ule ukanda wa shaba wa Kolwezi, Fungurume, Likasi. Hakuna aliyekatazwa kwenda kule. Ila nani angelipa gari na siku za kazi, kwa duara isiyotoa hata tani moja?

Uhuru ulikuja, na mwaka 1967 Union Minière ikataifishwa, ikazaa Gécamines. Mwenye mali alibadilika. Swali halikubadilika. Kijana wa jiolojia aliyemaliza alikuwa na ndoto moja ya kueleweka: kuingia Gécamines. Na Gécamines ilipoanguka miaka ya 1990, hata mlango ule ukafunga.

Jibu la Luizi lilipofika 2011, lilichapwa katika jarida la Geology na watu wanne: Ferrière, Lubala, Osinski na Kaseti. Ludovic Ferrière, Mfaransa, alikuwa amemaliza doktora Vienna mwaka 2008 tu, yaani bado kijana katika kazi. Lubala ni wa Unilu. Walichoma jua, wakatembea ku tereni, wakapata mawe yenye mistari ya umbo la koni. Alama hiyo volkano haiwezi kuifanya. Inafanywa na mshindo mkubwa kama wa kimondo. Satelaiti ilikuwa imeonyesha duara, lakini satelaiti haiokoti jiwe. Mtu alipaswa kwenda, na mtu kwenda ni franga.

Kuna kisa kingine cha migodi ambacho sisi wa Katanga tungepaswa kukijua. Mwaka 1903, Marekani, injinia wa migodi Daniel Barringer aliunda kampuni ili achimbe krateri moja ya Arizona, yenye upana wa kilomita 1.2. Aliamini chini kuko chuma kingi cha kimondo. Alichimba miaka mingi, akamaliza mali, chuma hakikuonekana. Akafa 1929. Lakini juu ya asili ya shimo alikuwa na haki: mwaka 1960 Eugene Shoemaker na wenzake walitoa uthibitisho. Familia ilibaki na krateri, na mwaka 2002 ikafungua mfuko wa kusaidia wanafunzi wa masters, wa doktora na waliotoka kuimaliza, ili waende ku tereni kusoma krateri za vimondo. Kiasi chake ni kati ya dola 2,500 na 5,000 hivi.

Soma tena kiasi hicho. Si milioni. Ni bei ya safari moja: gari, mafuta, hema, chakula, nyundo, na kukata mawe membamba ya kuangalia ku mikroskopu. Mgodi uliofilisika umeacha mfuko wa vijana. Migodi yetu haikufilisika hivyo. Imeacha nini?

Kodi ya mrahaba ipo. Sheria ya migodi ya 2018 inaigawa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za mtaa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo ni nani, kama si finalisti anayetafuta leo pesa ya tereni kwa TFC yake? Sisemi franga yote iende ku vimondo. Hospitali inahitaji, barabara inahitaji. Nasema sehemu ndogo, ya wazi, yenye shindano la kila mwaka, kwa kijana mwenye swali lake mwenyewe, hata kama swali hilo halina tani ndani yake.

Juu kazi bado iko. Umri wa Luizi haujajulikana barabara. Tunajua tu ni chini ya miaka milioni 575 hivi, na hiyo ni nafasi pana sana. Mtu atakayeipunguza atahitaji mawe mazuri, maabara, na mtu wa kumwamini na dola elfu chache. Akitoka tena Vienna, tutampongeza. Lakini duara iko kilomita 170 kutoka hapa tulipo.