Insha ya maelezo na insha bunifu katika shule za msingi: pwani ya Kilifi na Malindi

Insha ya maelezo ni maandishi yanayomfanya msomaji akione kitu, mtu, mahali au tukio ambalo yeye mwenyewe hakulishuhudia. Insha bunifu humtaka mwandishi atunge kisa chake. Katika shule za msingi za Kenya aina hizi mbili hufundishwa ndani ya somo la Kiswahili, na pia katika Kiingereza. Mtoto huanza na sentensi chache za madarasa ya chini na kufikia insha kamili anapokaribia kumaliza shule ya msingi. Katika kaunti ya Kilifi, kuanzia Mtwapa hadi Malindi na Marereni, kisha ndani hadi Kaloleni na Ganze, kazi hii ina sura yake. Mtoto wa hapa huja darasani na lugha mbili au tatu, masikio yaliyozoea ngano na vitendawili, na macho yaliyozoea bahari, minazi au ukame, kutegemea alikozaliwa.

Maandishi ya shule yana historia ndefu katika eneo hili. Rabai, ambayo leo imo katika kaunti ya Kilifi, ndiko Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikoanzisha kituo chao cha misheni mwaka 1846, na huko watoto na watu wazima walifundishwa kusoma. Hata hivyo, Kiswahili kilichelewa sana kupewa hadhi katika mitihani ya shule za msingi. Mtihani wa CPE wa kumaliza shule ya msingi, uliodumu hadi 1984, haukukitahini. Ni baada ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985, kufuatia mapendekezo ya tume ya Mackay, ndipo Kiswahili kilipokuwa somo la lazima katika KCPE, mtihani uliochukua nafasi ya CPE, na insha ikawa jambo la kumnyima mtoto usingizi.

Kwa miaka mingi karatasi ya insha katika KCPE ilikuwa ya dakika 40 na alama 40. Mtahiniwa alipewa mdokezo wa kuanzia, maneno ya kumalizia, au kichwa tu. Insha ziliwekwa katika madaraja manne: D kuanzia alama 1 hadi 10, C 11 hadi 20, B 21 hadi 30, na A 31 hadi 40. Maudhui, mtindo, sarufi, tahajia na hati vilipimwa pamoja.

Mtihani huo uliwapa walimu sababu ya kufundisha insha kwa bidii, na hilo ni jema. Lakini ulizaa pia mazoea ambayo hadi leo hayajaisha: daftari la misemo. Wanafunzi hunakili ubaoni orodha ndefu za nahau, methali na tashbihi, huzikariri, kisha huzipanga katika kila insha, iwe ni ya harusi, ya ajali au ya siku ya michezo. Ndiyo maana mtoto wa Tezo na mtoto wa Kakamega huamka wote “alfajiri ya Mungu”, hujawa wote na “furaha ghaya”, na hukutana na jambo ambalo “aushini mwao” hawajaliona. Misemo hiyo ni mali ya lugha na mtoto anastahili kuijua. Kosa ni kuifanya ikae mahali pa kuona.

Tofauti huonekana upesi aya mbili zikiwekwa pamoja. Hizi zimetungwa kwa ajili ya makala haya, zote kuhusu soko la samaki. Ya kwanza: “Soko lilikuwa limefurika watu si haba. Wauzaji walinadi bidhaa zao kwa sauti za kumtoa nyoka pangoni. Samaki walikuwa wengi ajabu, nami nilijawa na furaha isiyo na kifani.” Ya pili: “Mama mmoja amepanga changu watatu watatu juu ya gunia lililoloa. Nzi akitua anamfukuza kwa kipande cha kuti. Mteja hasemi kitu. Anainua shavu la samaki kwa kidole. Akiona wekundu, anauliza bei. Akiona rangi ya kahawia, anahamia meza ya pili.” Aya ya kwanza haina kosa la sarufi, na ingeweza kuandikwa na mtoto ambaye hajawahi kukanyaga sokoni. Ya pili haiwezi. Aliyeiandika alisimama pale, akatazama mkono wa mteja.

Mwalimu anayetaka aya ya pili anahitaji kumpa mtoto kitu ambacho mtihani hauwezi kumpa: msomaji ambaye hajaona. Mtahini hamwulizi mtoto chochote. Hashangai, hasemi “sijaelewa, hilo dau liliegemea upande gani?” Mtoto akijua kwamba anayemsomea anahesabu mapambo, atampa mapambo. Akijua kwamba anayemsomea anataka kuona, atatafuta maneno ya kumwonyesha. Sehemu kubwa ya ufundi wa kufundisha maelezo iko hapo.

Somo la nazi ni mfano mzuri kwa sababu halina gharama. Mwalimu huweka mezani nazi kavu moja iliyofuliwa, pamoja na kumbi zake. Kuuliza “hiki ni nini?” ni kupoteza wakati, maana hakuna mtoto wa Kilifi asiyeijua. Swali linalofaa ni hili: mtoto aliyezaliwa Turkana, ambaye hajawahi kuishika, aambiwe nini? Majibu ya mwanzo huwa mepesi: ni ya duara, ni ya kahawia, ni ngumu. Mwalimu asiyeridhika huipitisha nazi mkononi kwa mkono. Mmoja huitikisa na kusikia maji yakipiga huku na huku. Mwingine hugundua kwamba nyuzi za kumbi hukwaruza kiganja. Wa tatu hutazama ncha na kuona macho matatu, kisha hujaribu kwa kijiti na kukuta jicho moja tu ndilo laini, mengine mawili yamefunga. Ikivunjwa, kuna mlio, kuna harufu, kuna ukingo mweupe wa nyama na ngozi nyembamba ya kahawia iliyoshikana nao. Wakifika kwenye mbuzi wa kukunia, darasa zima lina la kusema, kwa sababu karibu kila mmoja amewahi kutumwa kukuna nazi nyumbani na kujikwaruza vidole. Ndipo madaftari hufunguliwa. Kuandika kabla ya hapo ni kumtaka mtoto achote kwenye mtungi mtupu.

Mbinu hii ina mizizi ya kienyeji. Kitendawili ni zoezi la maelezo lililokamilika: anayetega anakitaja kitu kwa sura na tabia zake huku akificha jina. “Nyumba yangu haina mlango” humlazimisha anayetegwa kulifikiria yai upya. Mwalimu anaweza kuwataka watoto watege vya kwao kutokana na vitu vilivyo kiwanjani, na aliyeichunguza nazi hatakawia kusema, “Ana macho matatu, wala haoni njia.” Ngano nazo, zile zinazoanza kwa paukwa na kuitikiwa pakawa, humfundisha mtoto mpangilio wa kisa, kurudiarudia kwa makusudi, na kuchelewesha jibu hadi hadhira ichoke kungoja. Mtoto aliyelala akisikiliza ngano za bibi ana akiba ya ubunifu kubwa kuliko daftari lolote la misemo, ila mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba akiba hiyo inaruhusiwa kuingia shuleni.

Suala la lugha ni zito zaidi. Malindi mjini, Mambrui na Takaungu zina familia ambazo Kiswahili ni lugha yao ya kwanza. Ukienda bara kidogo, mtoto hukua na Kigiriama, Kichonyi, Kikauma au Kijibana. Lugha hizi ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na ukaribu huo husaidia na pia hutatiza. Mtoto asemaye madzi na mudzi nyumbani huelewa maji na mji bila shida, lakini kalamu inapokimbia, la nyumbani hujipenyeza kwenye ukurasa. Sera ya Kenya tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 inapendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia madarasa matatu ya mwanzo, na utekelezaji hutofautiana shule kwa shule. Kwa upande wa insha, ushauri ulio bora ni kumwacha mtoto asimulie kwanza kwa lugha inayomjia, hata ikiwa Kigiriama, kisha aandike kwa Kiswahili. Anayeadhibiwa kwa kila neno la nyumbani hujifunza kuandika machache, na machache hayo huwa ya kuazima.

Msingi wa kusoma nao lazima uwepo. Katika kaunti jirani ya Kwale, kati ya 2010 na 2012, mradi wa HALI ulihusisha shule 101. Baadhi ya walimu wa madarasa ya mwanzo walipata mafunzo, mwongozo wa masomo, na ujumbe mfupi wa simu kila wiki wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Tahajia na usomaji wa watoto wao viliboreka. Kwa mwalimu wa insha hiyo ni habari kubwa, kwa sababu mtoto anayepambana na kila herufi hana nafasi ya kufikiria rangi ya shavu la samaki.

Kikwazo kinachotajwa zaidi katika vyumba vya walimu ni wingi wa madaftari. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza Januari 2003, iliwaingiza shuleni watoto wengi waliokuwa wameachwa nje, na madarasa yakafurika. Hesabu yake ni rahisi: madaftari 60 kwa dakika 5 kila moja ni saa 5 za kusahihisha insha moja tu. Haishangazi kwamba wengi huandikisha insha mara chache, au huweka vema na alama bila neno jingine. Wapo wanaopunguza mzigo kwa kutazama jambo moja tu kila wiki, mathalani vitenzi, na kuyaacha mengine. Wapo wanaosahihisha madaftari kumi kwa kina huku waliobaki wakisomeana wawili wawili. Njia hii ya pili ina faida ya ziada, kwani mwenzako akikatiza na kuuliza “halafu?” umempata yule msomaji ambaye hajaona.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kitaifa mwaka 2019 kwa madarasa ya awali hadi Gredi ya 3, umeipa njia hiyo nafasi. Kuandika ni mojawapo ya mada kuu pamoja na kusikiliza na kuzungumza, kusoma, na sarufi, na mwanafunzi anahimizwa kumsomea mwenzake alichoandika. KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, ilifanywa kwa mara ya kwanza 2022, na KCPE ya mwisho 2023. Kuondoka kwa karatasi ile ya dakika 40 kumefungua mlango, ingawa mazoea ya daftari la misemo hayaondolewi kwa waraka wa wizara.

Kwa insha ya wasifu na ya mahali, pwani hii haina uhaba wa mada. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na akahamishiwa Kisii, ana sanamu mjini Malindi. Mtoto anaweza kuandika jinsi sanamu hiyo ilivyosimama na ilivyovalishwa kabla ya kuandika alichofanya Mekatilili. Magofu ya Gede, ambayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, humpa mtunzi wa kisa nyumba tupu, visima na misikiti, na swali la nani aliishi humo. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko jirani. Wazee wa Kilifi mjini na Mnarani bado wanakumbuka kivuko kilichovusha watu na magari kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991, na kumhoji mmoja wao hutoa insha ambayo hakuna kitabu cha kuinakili.

Mwalimu Mfaransa Célestin Freinet alikabili tatizo hilohilo la kumpata msomaji ambaye hajaona, miaka ya 1920 katika kijiji cha Bar-sur-Loup. Jeraha la mapafu alilolipata katika Vita vya Kwanza vya Dunia lilimzuia kuzungumza kwa muda mrefu, akawa anawatoa watoto nje kutazama mashamba na mafundi, nao wakirudi waliandika. Alinunua mashine ndogo ya kupigia chapa. Watoto walipanga herufi wenyewe na kuyapeleka maandishi yao kwa shule nyingine zilizojibu kwa yao. Kilifi inafaa sana kwa mabadilishano ya namna hiyo. Mtoto wa Watamu anayajua maji yanapokupwa hadi mikoko ikaonyesha mizizi. Hajui punda aliyebebeshwa mitungi kutoka lambo lililobaki na tope. Mtoto wa Ganze anamjua punda huyo, wala hajui bamvua. Barua kati ya madarasa hayo mawili zingekuwa na maelezo kwa sababu zingelazimika kuwa nayo.

Watoto wanahitaji pia kusoma hadithi zinazowahusu. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini uliozindua tovuti yake mwaka 2014, hutoa bure hadithi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na humruhusu mwalimu kutafsiri, kubadilisha au kutunga yake.

Wadi ya Kibarani, kando ya mji wa Kilifi, ina shule ya watoto viziwi, na huko suala la maelezo huanzia pengine kabisa. Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inaitaka dola iiendeleze, ina sarufi yake na huonyesha umbo, mahali na mwendo kwa mikono, uso na nafasi iliyo mbele ya mwili. Anayeitumia akieleza ngalawa iliyokumbwa na kusi huonyesha mlalo wake, kasi yake na upande ulikotoka upepo kwa mara moja. Shida yake ni kuvihamishia vyote hivyo kwenye mstari wa maandishi, katika lugha ambayo hajawahi kuisikia. Mwalimu anayeijua lugha ya ishara humwacha mtoto asimulie kwanza kwa mikono, humrekodi kwa simu, kisha hutazama pamoja naye na kuandika kile ambacho mikono ilisema. Viambishi na mpangilio wa maneno hurekebishwa katika rasimu ya pili.