Halmashauri Iliyofutwa

Kijana wa leo hapa Msangano akisikia neno "halmashauri", hudhani ni kitu kilichokuwako siku zote. Sivyo. Halmashauri za wilaya ziliwahi kufutwa Tanzania Bara nzima, na kwa zaidi ya miaka kumi tuliishi bila hizo.

Baada ya uchifu kuondolewa mwaka 1963, ndizo zilizoshika shule za msingi, zahanati na barabara za vijijini. Nyingi zilielemewa, na wapo madiwani waliokula fedha, hilo halifichiki. Lakini kilichozimaliza ni kunyang'anywa kodi ya kichwa na ushuru wa mazao mwishoni mwa miaka ya 1960. Zikabaki ombaomba.

Ndipo mwaka 1972 ikaja sera ya Madaraka Mikoani, iliyoandaliwa kwa msaada wa McKinsey, kampuni ya washauri ya Marekani. Jina tamu! Waliokwenda mikoani walikuwa wakurugenzi wa Serikali Kuu. Madaraka ya wananchi yalibaki njiani. Zikaundwa Halmashauri za Maendeleo za Wilaya, zenye wajumbe wa kuchaguliwa lakini zisizoweza kutoza hata senti moja. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo. Zamani upepo ukiezua paa la darasa, mzazi alimwendea diwani, jirani yake, akamsumbua mpaka usiku. Sasa tuliandika barua, tukangoja.

Miji ilirudishiwa halmashauri mwaka 1978. Sisi wa wilayani tulingoja sheria za 1982, na kazi ikaanza 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alisema katika mahojiano kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia.

Hata Wales, kule Uingereza, wilaya 37 zilizoanza mwaka 1974 zilifutwa zote 1996. Ila huko kazi zao zilikabidhiwa halmashauri mpya 22, zilizochaguliwa na wananchi. Hapo ndipo tulipotofautiana nao.

Mwaka 2003 kodi ya maendeleo nayo ikafutwa. Watu walishangilia, na nani apendaye kukimbizwa na mgambo? Mimi nilikumbuka yale ya miaka ya 1960. Tangu hapo Mbozi imegawanywa, Momba ikazaliwa mwaka 2012, na mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya. Wenzangu barazani hubishana ofisi imesogea kiasi gani. Mimi huwauliza diwani wetu ana fungu gani mkononi.