Kesi ya Kapenguria: Hukumu Iliyotangulia Mashahidi

Kila Oktoba 20 Wakenya huadhimisha Siku ya Mashujaa, ambayo kabla ya Katiba ya 2010 iliitwa Siku ya Kenyatta. Wale sita wa Kapenguria hukumbukwa kwa fahari: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Namna walivyotiwa hatiani husimuliwa kwa nadra.

Tarehe zenyewe zinajulikana. Oktoba 20, 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku huohuo viongozi wa chama cha KAU (Kenya African Union) wakaanza kukamatwa. Walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau, harakati ya siri iliyopinga ukoloni. Aprili 8, 1953 Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Yaliyojiri katikati yamo katika kitabu cha Montagu Slater cha 1955, kilichotungwa kutokana na rekodi za mahakama. Serikali ilipeleka kesi Kapenguria kwa kuwa kulikuwa mbali na macho ya watu. Reli haikufika, hoteli haikuwepo, na mawakili walilala Kitale, mwendo wa kilomita 40 hivi. Darasa la shule liligeuzwa mahakama. Hakimu, Ransley Thacker, alikuwa jaji mstaafu aliyeitwa tena kazini. Wanahistoria wanaeleza kwamba alilipwa pauni 20,000 nje ya mshahara, na kwamba Baring aliiarifu London jinsi juhudi zilivyofanywa kuwapa mashahidi zawadi.

Walowezi hawakuwa na subira ya kusikiliza mashahidi. Januari 1953, kesi ikiendelea, familia ya walowezi ya Ruck iliuawa na Mau Mau shambani kwake Kinangop. Siku mbili baadaye walowezi wapatao 1,500 waliandamana hadi Ikulu ya gavana jijini Nairobi. Askari Waafrika walishikana mikono kuwazuia, na baadhi yao wakachomwa kwa sigara zilizowaka. Kenyatta alikuwa korokoroni tangu Oktoba, lakini kwa wengi waliokuwa pale hatia yake haikuwa jambo la kubishaniwa.

Utetezi uliongozwa na D. N. Pritt kutoka London, akisaidiwa na mawakili wa Kenya na wengine waliotoka India, Nigeria na Jamaika. Pritt alipowapelekea wabunge wa Uingereza simu ya maandishi kulalamika kwamba haki ilikuwa ikinyimwa, alishtakiwa kwa kuidharau mahakama. Mahakama Kuu ya Nairobi ilimwachia huru.

Hata hivyo, mtu wa kutazamwa kwa karibu zaidi ni Rawson Macharia, shahidi wa upande wa mashtaka. Alidai kwamba Machi 1950, mahali paitwapo Kiamwange, alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo. Mau Mau ilipigwa marufuku Agosti mwaka huo, kwa hiyo hata kama kiapo kililishwa, kililishwa miezi mitano kabla ya marufuku. Mashahidi kumi wa utetezi walimpinga. Thacker aliwakataa wote kumi, akamwamini yeye mmoja.

Novemba 1958 Macharia aliapa hati akisema alidanganya. Alieleza kwamba aliahidiwa masomo ya miaka miwili katika Chuo Kikuu cha Exeter, nauli ya ndege, ulinzi wa familia yake na kazi serikalini akirejea. Serikali ingeweza kumshtaki kwa ushahidi wa 1952, lakini kufanya hivyo kungekuwa kukiri kwamba Kenyatta alifungwa kwa uongo. Badala yake ilimshtaki kwa hati mpya, ikishikilia kwamba alichosema mara ya kwanza ndicho kilikuwa kweli. Pritt alirudi Kenya kumtetea yuleyule aliyekuwa amewaponza wateja wake. Barua ya serikali yenye ahadi hizo ilitolewa mahakamani, na hata hivyo Macharia alitiwa hatiani mwaka 1959 na kufungwa miezi 21.

Milango ya rufaa nayo ilifunguliwa na kufungwa. Julai 1953 hukumu ya Kapenguria ilibatilishwa kwa hoja kwamba hakimu hakuwa na mamlaka katika eneo lile, kisha mahakama ya rufaa ikairejesha. Oneko alishinda rufaa yake Januari 1954, lakini hakuachiwa: alihamishiwa kizuizini. Kenyatta alirudi nyumbani kwake Gatundu Agosti 1961 na miaka miwili baadaye akawa waziri mkuu.

Makumbusho ya Kapenguria, yaliyofunguliwa mwaka 1993, huwaonyesha wageni seli za wale sita. Yangefaa kuwaonyesha pia hati ya Macharia, pamoja na amri ya 1969 iliyomrudisha Oneko kizuizini bila kesi hadi 1975. Safari hiyo rais wa nchi alikuwa Kenyatta, aliyesimama naye kizimbani.