Kongwa, Mji wa Wapangaji

Ukitoka Chang'ombe hapa Dodoma ukashika barabara ya Morogoro, unapofika Mbande unakata kulia kuingia njia ya Kongwa na Mpwapwa. Mji unaokutana nao mbele ni makao makuu ya wilaya, mtulivu, hauna cha kumshangaza mpita njia. Mgeni hawezi kudhani kwamba kati ya 1947 na 1951 jina la mji huu liliwagombanisha wabunge kule London, wala kwamba meli, treni na shehena za chuma za nusu dunia zilielekezwa hapa. Historia ya Kongwa kwa kawaida husimuliwa kama kichekesho: Waingereza walikuja kulima karanga, zikawashinda, wakaondoka. Ni kweli, lakini msimulizi wa kisa hicho anachanganya vifo viwili. Zao lilikufa kwa mvua na udongo. Mji ulikufa kwa kukosa mwenyewe, na hata karanga zingestawi ungebaki na ugonjwa huohuo, ila ungechelewa kuzikwa.

Uingereza ilitoka kwenye Vita vya Pili ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na mgao wa chakula kwa kadi ulikuwa unaendelea. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, akaongoza ujumbe wa watu watatu uliozunguka kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa ukitazama ardhi kutoka kwenye ndege. Ripoti yao ilitaka ekari 3,210,000 zifyekwe na kugawanywa mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, na 80 kati ya hayo yawe Tanganyika. Gharama ilikadiriwa kufika kama pauni milioni 24. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaubeba mpango huo kama mtoto wake. Kongwa ilichaguliwa kuanza nayo kwa kuwa ilionekana tupu. Hapo ndipo penye kosa la mwanzo, nalo halikuwa la kitaalamu hata kidogo. Hakuna aliyejiuliza kwa dhati kwa nini ardhi pana namna ile imekaa bila watu. Mgogo, mwenyeji wa nchi hii, angemjibu bila kupanda ndege. Ugogo ni nchi ya mtama, uwele na ng'ombe kwa sababu mvua yake haina ahadi, na waliokuwa watu wazima mwaka 1947 walikuwa bado wanaikumbuka Mtunya, njaa iliyoiteketeza nchi hiyo wakati wa Vita vya Kwanza na baada yake. Upweke wa Kongwa ulikuwa habari kamili, kama angekuwapo wa kuisoma.

Mji ulikua haraka. Mapema mwaka 1947 palikuwa na mahema. Baadaye zikaja nyumba, karakana, hospitali, shule na klabu, na tawi la reli likajengwa kutoka Msagali, kwenye reli ya kati, hadi Kongwa. Matrekta yalinunuliwa kutoka maghala ya mabaki ya vita huko Ufilipino, mengi yakiwa yameshachakaa, na vifaru aina ya Sherman viligeuzwa matrekta na kiwanda cha Vickers. Kwenye uwanja wa kazi, mnyororo mzito wa nanga ya meli ulifungwa kati ya matrekta mawili, yakaenda sambamba huku mnyororo ukilaza kichaka chote kilichokuwa katikati. Matawi yalilala, mizizi ikabaki. Mizizi ile ilikuwa na kazi yake: ilivunja meno ya majembe, na udongo wenye mchanga mkali ukamaliza chuma kilichosalia. Shabaha ya mwaka wa kwanza ilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500 tu. Septemba mwaka huohuo mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam ulisambaa kufuata reli na kufika Kongwa, watu wakidai ujira unaolingana na bei za vitu. Kwa maneno mengine, mji ule ulikuwa na tabaka la wafanyakazi kabla haujawa na mavuno.

Jua la 1949 likaoka udongo ukawa tofali, karanga zikakwama ndani yake. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilifuta mpango ikiwa imepoteza zaidi ya pauni milioni 35. Kwa hesabu za mwisho, mradi ulivuna karanga kidogo kuliko zile ulizoagiza kwa ajili ya mbegu. Hapa msomaji anaweza kusema: basi, mbona unahangaika? Ukame uliua zao, zao likaua mji, mnyororo ni mmoja. Ningekubali kama karanga zingekuwa zimetoweka Kongwa. Hazikutoweka. Mkoa wa Dodoma unalima karanga hadi leo, na hakuna mji uliokua wala kuporomoka kwa ajili hiyo, maana mkulima wa karanga hapa hategemei zao moja, na mwaka mbaya unamkuta ana mtama ghalani na mbuzi zizini. Kongwa ya 1949 haikuwa na ghala wala zizi lake. Ilikuwa na mshahara unaotoka London, na mshahara ulipokoma hapakuwa na kitu cha pili.

Kinachoipa hoja hii uzito ni yale yaliyofuata, ambayo wanaopenda kichekesho huyaacha. Baada ya wakulima wa London, majengo yalipata mpangaji mwingine: shule ya watoto wa Kizungu wa Tanganyika, iliyoendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 ilipohamishiwa Iringa, kwenye shule ambayo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa. Tawi la reli likafungwa. Mashamba yaliyofyekwa yakageuzwa malisho ya ranchi, na baada ya uhuru ranchi hiyo ikaja kuwa chini ya shirika la ranchi la taifa, NARCO. Kisha, kuanzia 1964, wakaingia wapangaji watukufu kuliko wote: wapigania uhuru wa FRELIMO, SWAPO na ANC, wakifuatwa na MPLA na ZAPU. Samora Machel wa FRELIMO alifundisha vita hapa. Chris Hani wa ANC aliishi hapa. Kikosi cha kwanza cha SWAPO kilichopambana na Makaburu huko Omugulugwombashe, Namibia, 26 Agosti 1966, kilikuwa kimetokea Kongwa.

Atakuja wa kupinga, na nitamsikiliza kwa heshima, aseme kuwaita watu hao wapangaji ni kuwapunguza. Kongwa ya ukombozi ilikuwa kilele cha mji na si mabaki ya karanga. Kwa utukufu, yuko sahihi kabisa, na ningependa watoto wa Dodoma waijue Kongwa kwa Machel kabla ya kuijua kwa Strachey. Lakini kambi nayo ilikuja na bajeti yake na makamanda wake, na vita vilipohamia mipakani ikaondoka navyo. Walibaki watoto waliozaliwa na mama wa hapa, na makaburi. Biashara haikubaki.

Jambo hili si la Ugogo peke yake. Miji ya pwani ya Uingereza kama Blackpool na Margate ilijengwa na reli iliyoleta wafanyakazi wa viwandani kupumzika kando ya bahari, kisha kuanzia miaka ya 1960 ndege za bei nafuu zikawapeleka watu walewale Hispania. Bahari haikuhama, mishahara ndiyo iliyohama. Tofauti ni kwamba Blackpool ilikuwa na wenye nyumba wake, walioweza kupunguza bei na kung'ang'ana, na ndiyo maana imechukua miongo kuchakaa. Kongwa ilichukua miezi.

Ukitaka kinyume chake, rudi barabara kuu uende mbele kidogo hadi Kibaigwa, humohumo wilayani. Hapakuwa na ripoti ya London wala mnyororo wa nanga. Palikuwa na lami, mahindi ya wakulima wa vijiji vya pande zote, na malori yaliyosimama kununua, na leo soko lake la nafaka linajulikana hadi nje ya nchi. Mahindi yakiadimika, Kibaigwa hulala msimu mmoja, halafu huamka. Kongwa yenyewe ilipata nafuu ya kudumu mwaka 1995, ilipokatwa kutoka Mpwapwa ikawa wilaya. Yaani ilipata mpangaji asiyehama, serikali. Sisi wa Dodoma, tuliohesabu kila wizara ilipohamia kwetu, tusicheke sana.

Na karanga bado zinapandwa pale, ekari moja au mbili pembeni ya mtama na alizeti. Akina mama huzing'oa mapema, udongo ukiwa bado una unyevu, kwani ukishakauka hauachii kitu, na trekta la Vickers lilishajaribu.