Mgawanyo wa kazi katika familia za vijiji vya mwani, Unguja

Mgawanyo wa kazi kijinsia ni desturi inayompa mwanamume na mwanamke majukumu tofauti ndani ya familia moja. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, desturi hiyo imegawa hata bahari. Mwanamume huvuka mwamba kwa ngalawa kwenda kuvua. Mwanamke hubaki upande wa ndani, akiokota chaza, akitafuta pweza na kufukia makumbi ya nazi, ambayo baada ya miezi huyafukua, huyaponda na kuyasokota kamba. Kupika, kuteka maji, kutafuta kuni, kufua na kulea ni kazi zake pia. Kwa sheria ya Kiislamu, chakula, mavazi na makazi ni wajibu wa mume, na pesa anayochuma mke ni mali yake.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na mashamba yakawekwa humo humo ndani ya mwamba. Wapo wanaume waliojaribu wakaacha, kwa kuwa bei ya kilo ni ndogo. Wanawake waliendelea, na hadi leo ndio wengi mno miongoni mwa wakulima.

Kazi hii hufuata mwezi. Shamba hufikika kwa miguu siku za bamvuo, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku hizo maji hupwa kuanzia asubuhi hadi mchana. Ndio wakati wa kupika chakula cha mchana, mlo mkubwa wa siku. Nani basi yuko jikoni mama akiwa ameinama majini, akifunga mbegu kwenye kamba kwa taitai, vile vikamba vyembamba? Mara nyingi si mume. Ni binti mkubwa, au bibi, au ni mama mwenyewe aliyeamka kabla ya alfajiri, akakuna nazi na kuacha mboga imefunikwa. Akirudi na gunia la mwani mbichi kichwani, huuanika, kisha hushika ndoo. Wanaosema mwani umemkomboa mwanamke huhesabu shilingi tu. Saa zake hawazihesabu.

Shilingi zenyewe si haba: zimenunua mabati, sare za shule na vyombo. Ila katika baadhi ya nyumba, mke anaponunua mchele, mume hulegeza wajibu wake wa kulisha, na jiko bado halimhusu.

Mgawanyo huo huo huamua hata nani apande mwani gani. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko aina nyingine iitwayo spinosamu, hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto kupita kiasi. Kuipanda kwenye kina kirefu kunataka chombo na kujua kuogelea. Wavulana wengi wa vijiji hivi hujifunza kuogelea wakicheza, wakati dada zao wametumwa maji.